Mwenye Kazi Nzito na Haki ya Kushiba

Katika darasa letu la baada ya sala ya alasiri kulizuka hivi karibuni suala ambalo kwa mtazamo wa kwanza laonekana dogo, wala hatukulitazamia. Mzee mmoja miongoni mwa wanaohudhuria, mtu mwenye heshima zake, alisema kuwa amekereka kumwona kijana mmoja msukuma mkokoteni ameketi kibandani karibu na soko saa sita ya mchana, mbele yake pana sahani ya sima iliyojaa, bakuli la maharagwe na chapati mbili, na alipokwisha akaagiza sahani ya pili. "Vijana wa leo," akasema mzee wetu, "wanaabudu matumbo." Baadhi yetu wakacheka, wengine wakatikisa vichwa kwa kukubali. Lakini kijana mmoja wa darasani akauliza kwa adabu: "Ami, huyo alikuwa amesukuma nini tangu asubuhi?" Mzee hakujua, wala hapana aliyejua katika sisi.

Swali hilo liliposhindwa kujibiwa, tuliona kwamba tumemhukumu mtu kwa kuitazama sahani yake bila ya kuutazama mgongo wake. Basi tumependa kulieleza jambo hili kwa urefu kidogo, kwani tumegundua kuwa watu wengi wa mji wetu, wema na wacha Mungu, wana fikira ya mzee yule.

Hapana mtu aliyelelewa katika nyumba za pwani asiyejua kwamba kula kidogo ni adabu. Tangu utotoni twafundishwa kula kilicho mbele yetu, kuuinua mkono kabla tumbo halijajaa, na kutoonyesha pupa mbele ya wageni. Wala mafundisho haya si mila tupu. Mtume, rehema na amani zimshukie, alikulaumu kulijaza tumbo, akafahamisha kuwa matonge machache ya kuusimamisha mgongo yamtosha mwanadamu, na kama hapana budi kuzidisha, basi tumbo ligawanywe kwa theluthi: ya chakula, ya kinywaji na ya pumzi. Naye Imamu Ghazali, aliyefariki mwaka 1111, aliweka ndani ya Ihya kitabu kizima cha kuvunja shahawa mbili, ya tumbo na ya tupu, na humo akaisifu njaa kwa sifa nyingi. Kwa hiyo amlaumuye mlaji hakosi pa kusimama.

Lakini na tuuangalie huo mgongo. Chakula kimefungamanishwa na kusimama kwa mgongo, yaani na kazi ambayo mwili waifanya. Mgongo wa karani akaaye juu ya kiti kutwa, akainuka kwenda kutia kahawa tu, na mgongo wa mtu avutaye mkokoteni wenye mitungi ishirini ya maji, kila mmoja lita 20, ambayo ni kilo 400 bila ya kuuhesabu mkokoteni wenyewe, migongo hii miwili haisimamishwi kwa matonge sawasawa. Ghazali mwenyewe hakuisahau tofauti hii. Baada ya kuisifu njaa alirejea akasema kwa maana kuwa linalotakiwa ni la katikati, mtu asihisi uzito wa tumbo wala asihisi uchungu wa njaa. Tena akaeleza kwamba kipimo cha chakula hubadilika kwa umri wa mtu, kwa umbile lake na kwa kazi aishughulikiayo. Twadhani wengi huifungua Ihya, wakazisoma sifa za njaa, kisha wakaifunga kabla ya kufika hapo.

Wataalamu wa siku zetu wameipima tofauti hiyo kwa hesabu. Nguvu iliyomo katika chakula hupimwa kwa kalori. Mwili, hata ukilala bila ya kufanya lolote, hutumia kalori kwa kupiga moyo, kuvuta pumzi na kulinda joto lake. Mashirika ya Umoja wa Mataifa ya chakula na ya afya yaliwakusanya wataalamu mwaka 2001, nao wakakadiria kuwa mtu wa kazi za kukaa hutumia kwa siku baina ya mara 1.4 na mara 1.7 ya kiasi hicho cha mapumziko, na mwenye kazi nzito baina ya mara 2 na mara 2.4. Tuchukue mfano wa mwanamume ambaye mwili wake katika mapumziko hutumia kalori 1,600. Akiwa karani zamtosha kalori 2,240 hadi 2,720. Akiwa hamali ahitaji 3,200 hadi 3,840. Katika mpaka wa juu, tofauti baina ya wawili hawa ni kalori 1,120 kila siku, nayo ni kama mlo mzima mkubwa wa mchana. Ile sahani ya pili iliyomkera mzee wetu, basi, ilikuwa na hesabu yake.

Huenda msomaji akasema kuwa mwili huzoea, na kwamba mtu akiuzoeza kidogo utaridhika na kidogo. Neno hili lina ukweli ndani yake, lakini ukweli wake una mwisho, na mwisho huo ulipata kushuhudiwa. Katika miaka ya 1944 na 1945, vita vikuu vya pili vilipokuwa vikimalizika, mtaalamu mmoja wa Marekani aitwaye Ancel Keys aliwakusanya vijana 36 katika Chuo Kikuu cha Minnesota. Wote walikuwa wazima wa afya, na wote walijitolea kwa hiari. Walikuwa watu waliokataa kushika silaha kwa sababu ya imani zao, wakataka kuwafaa walimwengu kwa njia nyingine. Kwa muda wa wiki 24 walipewa karibu nusu ya chakula walichokizoea, na huku wakitakiwa kutembea maili 22 kila wiki, sawa na kilomita 35. Mwisho wake walipoteza kiasi cha robo ya uzito wao.

Kupungua uzito kulitazamiwa. Lililo muhimu kwa suala letu la tabia ni yale yaliyozipata nafsi zao. Wapole walikuwa wakali, wenye urafiki wakajitenga. Mazungumzo yakawa ni chakula tu, ndoto zikawa za chakula. Wengine walikusanya vitabu vya mapishi na kuvisoma kama mtu asomavyo hadithi, wengine waliramba sahani. Hamu ya mambo mengine yote ya dunia iliwatoka. Nao walikuwa watu waliochaguliwa kwa wema wao! Keys na wenzake waliyaandika haya katika juzuu mbili zilizotoka mwaka 1950, na kila apendaye kuisifu njaa bila ya mpaka ingefaa azisome.

Hapa pana jambo la kupambanua. Njaa ya mfungaji huanza alfajiri na huisha magharibi, nayo ina daku mbele yake na futari nyuma yake. Hiyo ndiyo njaa imlainishayo mtu moyo, akamkumbuka asiye nacho. Ama njaa ya mtu afanyaye kazi kubwa kwa chakula kidogo, leo, kesho na mwezi ujao, haina adhana ya kuikomesha. Njaa hii haimpi mtu kutafakari. Humfanya alifikirie tumbo lake kuliko mlafi alifikiriavyo lake. Kwa hiyo twasema kwamba anayemnyima hamali chakula chake kwa kutaka asiwe mtumwa wa tumbo, kwa hakika amtia katika utumwa huo.

Wala hatuhitaji kwenda Marekani kupata ushahidi wa jambo hili. Katika mwaka wa 8 wa Hijra, sawa na mwaka 630, Mtume alipokuwa safarini kwenda kuifungua Makka pamoja na masahaba zake, nao wako ndani ya Ramadhani, aliwafahamisha walipokaribia adui kuwa kufungua kungewapa nguvu zaidi. Kwanza ikawa ni ruhusa, baadhi wakafungua na baadhi wakafunga. Kisha walipofika karibu zaidi akawaamrisha wafungue, wakafungua wote. Tazama, ewe ndugu msomaji: haja ya mwili kupata nguvu kwa ajili ya kazi kubwa ilizingatiwa hata mbele ya funga ya Ramadhani, ambayo ni nguzo. Hatusemi haya ili kila mbeba mzigo ajifutie funga yake kwa kuisoma karatasi hii. Mambo hayo yana masharti, na mwenye shida amwendee mwanachuoni amweleze hali yake. Tumelileta ili ijulikane kuwa kula kwa ajili ya nguvu si jambo la aibu katika dini yetu. Na yajulikana kuwa Abdullah bin Amr, alipozidisha kufunga na kukesha, alikumbushwa na Mtume kuwa mwili wake una haki juu yake.

Ikiwa mwili una haki, basi kuna mwenye kuidai na kuna mwenye kudaiwa. Hapa ndipo suala linapotoka katika tumbo la hamali na kuingia katika mifuko yetu sisi. Kibarua wa ujenzi hulipwa jioni. Asubuhi huja kazini na chai ya rangi na hamri moja, au bila ya kitu, kwa sababu fedha za jana zimekwenda kwenye kodi na kwa watoto. Hupandisha mchanga na kokoto mpaka adhuhuri katika jua la Mombasa ambalo kila mtu alijua, jasho lamtoka pamoja na chumvi ya mwili wake, na maji ya kunywa ayatafute mwenyewe. Akiketi kupumzika huambiwa mvivu. Akila sana huambiwa mlafi. Mtume aliwafundisha waumini wawalishe watumishi wao katika kile walacho wao, wasiwakalifishe wasichokiweza, na wakiwakalifisha wawasaidie. Tukiyapima majengo yetu kwa kipimo hicho, tena pamoja na baadhi ya yale tuyajengayo kwa sadaka, twaogopa kuwa wengi tutaona haya. Sufuria la uji wa saa mbili asubuhi na pipa la maji safi haviwezi kumfilisi mwenye kujenga nyumba ya ghorofa.

Tena tuingie ndani ya nyumba zetu, maana huko hatupendi kuingia. Mama huamka kabla ya wote. Hukuna nazi, hukanda unga, hufua, huchota maji yanapokatika, humbeba mtoto mgongoni na huku akikoroga sufuria. Chakula kikiiva, wanaume hupakuliwa kwanza, kisha watoto, naye hula kilichobaki. Samaki akimalizika, mchuzi umebaki. Jambo hili limeitwa heshima na stahamala, na mwenyewe mama akiulizwa atasema kuwa ameshiba. Lakini kazi yake ikipimwa haiwi nyepesi kuliko ya mume wake aliyekaa dukani. Na akiwa ananyonyesha, mwili wake wahitaji karibu kalori 500 zaidi kila siku katika miezi sita ya mwanzo, nazo hazitoki katika ukoko wa sufuria. Mzee wetu alimlaumu kijana kwa sahani ya pili. Sisi twauliza ni nani nyumbani mwake asiyepata hata sahani ya kwanza kamili. Twamwuliza yeye, na twajiuliza wenyewe.

Wako pia vijana wanaocheza mpira na kukimbia, na katika hao sasa wamo mabinti zetu, jambo ambalo baadhi ya watu bado hawajalizoea. Watoto hawa hutoka chuoni au skuli, wakaenda uwanjani wakakimbia saa mbili katika jua, wakarejea nyumbani kwa chai na mkate. Wengine, hasa wasichana, hujinyima kwa makusudi, wapate kuwa wembamba au waambiwe kuwa wana adabu ya kula kidogo. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa waraka mwaka 2014 kuhusu upungufu huu wa nguvu kwa wanamichezo. Mwili usiopewa cha kutosha kwa kazi yake huanza kufunga milango mmoja mmoja: ada ya mwezi hukatika, mifupa hudhoofika ikavunjika kwa kishindo kidogo, kinga ya maradhi hupungua, na nafsi huchoka. Na haya huwapata wanaume vilevile. Mzazi amwonaye binti yake amekonda na amekatikiwa na ada yake asishukuru kuwa hana gharama. Ampeleke kwa daktari.

Watu wataka kujua wakimbiaji wetu mashuhuri wa Bonde la Ufa hula nini, na wengine hudhani kuna dawa ya siri. Mwaka 2004 Vincent Onywera, Yannis Pitsiladis na wenzao walichapisha hesabu ya chakula cha wakimbiaji kumi wa daraja ya juu wa Kenya, waliopimwa kwa siku saba. Hawa ni watu wembamba wa kiasi cha kilo 59, na kila mmoja alikula kiasi cha kalori 3,000 kwa siku. Zaidi ya robo tatu ya nguvu hiyo ilitokana na vyakula vya wanga. Ugali ndio uliokuwa mfalme, pamoja na maharagwe, wali, viazi, mkate, mboga, maziwa na chai yenye sukari nyingi. Hapana siri yoyote. Ni kweli kwamba katika siku hizo walitumia zaidi ya walichokula, kiasi cha kalori 3,600, na atakaye kubishana atalishika hilo. Lakini hao walikuwa wakikaribia mashindano, na mkimbiaji hupenda awe mwepesi siku ya kupiga mbio. Mashindano huisha. Mkokoteni hauna siku ya kumaliza mbio.

Chakula kinachomfaa mwenye kazi nzito, kwa bahati njema, si chakula cha matajiri. Pwani yetu imejaa hicho. Sima na kunde, muhogo wa nazi, mbaazi, viazi vitamu, ndizi, dagaa, papa mkavu, mchicha, uji wenye maziwa, na tende chache mfukoni za kutafuna katikati ya kazi. Nafaka humpa nguvu ya kwenda. Kunde na samaki hujenga misuli iliyochakaa. Nazi huzidisha nguvu bila ya kuongeza ukubwa wa sahani, nao wazee wetu wavuvi waliijua faida hiyo kabla ya kalori kupata jina. Ni bora chakula kigawanywe, kitu kabla ya kazi, kitu katikati na mlo kamili baadaye, kuliko kulimbikiza njaa ya kutwa ikaja kulipizwa usiku. Soda na chipsi huondoa njaa kwa saa moja na fedha kwa siku nzima. Na katika Ramadhani, mwenye kazi nzito asiache daku kwa kupenda usingizi, na ailete karibu na alfajiri kama ilivyosuniwa. Naye mwenye kumwajiri amhamishie kazi ngumu saa za asubuhi au za usiku ikiwezekana.

Mtu asije akatuchukulia maneno haya akayapeleka barazani. Sisi tunaoandika twakaa, na wengi wanaotusoma wakaa. Twala mahamri asubuhi, biriani ya harusi adhuhuri, halua na kahawa jioni, kisha twapanda gari kwenda umbali wa kutembea, na sukari na shinikizo la damu vimekuwa jamaa wa kila nyumba. Ule mgawanyo wa theluthi twauhitaji sisi kabla ya mwingine yeyote. La ajabu ni kuwa lawama ya ulafi hutoka vinywani mwa wenye kukaa ikawaangukia wenye kubeba.

Tulimtafuta yule kijana tukamwuliza. Alisema huanza kazi baada ya sala ya alfajiri, na siku ile alikuwa amekwisha peleka maji mara tatu kabla ya kuketi kula. Asubuhi alikuwa amekunywa chai na hamri moja. Sahani ya pili aliiagiza kwa sababu usiku hali. Fedha za chakula cha usiku huzituma kwao kwa mamake. Tulipomweleza mzee wetu, alinyamaza kitambo, kisha akasema kuwa angalimwuliza kabla ya kunena. Nasi pia hatukuwa tumemwuliza, na yeye ndiye aletaye maji ya kutawadhia msikitini kwetu kila mifereji inapokauka.